Fundi wa Mabati Kabla ya Masika

Februari ni mwezi wa vumbi Thika na Ruiru. Nguo zikianikwa asubuhi huanuliwa jioni zikiwa na rangi ya udongo, na mazungumzo ya mtaani ni ya maji ya mfereji yaliyokatika tangu juzi. Mtu hana sababu ya kuinua macho kulitazama paa. Fundi wa mabati peke yake ndiye anayetembea huku ameangalia juu. Kwake masika yamekwisha kuanza, maana anajua kwamba nyumba hutengenezwa wakati wa jua, na fundi anayeitwa mvua ikinyesha anaweza kupanga ndoo tu chini ya matone.

Vimbunga vya bahari havitufikii huku. Tuko takriban digrii moja kusini mwa ikweta, na karibu hivyo na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuusokota upepo hadi ukawa kimbunga. Ndugu zetu wa pwani ya kusini wanavijua zaidi. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikang'oka na merikebu zikazama bandarini. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Lakini mwaka huohuo wa 2024, kabla Hidaya haijatajwa, masika yalikuwa yamekwisha kutuonyesha bara kwamba mvua haihitaji jina ili kuua. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili maji yalishuka Mai Mahiu yakabeba nyumba na watu waliolala. Kufikia katikati ya Mei, karibu watu 300 walikuwa wamepoteza maisha nchini kote.

Thika imekaa kati ya mito miwili, Chania na Thika, nayo Ruiru ina mto wa jina lake. Wanaoishi kandokando ya mito hiyo wana shida ambayo fundi wa mabati hawezi kuitibu. Dawa yao ni kuhama mapema, na serikali kuwapa pa kuhamia. Sisi wengine tuliobaki, wa Ngoingwa, Makongeni, Kimbo, Kihunguro na Membley, hatari yetu huanzia darini na kumalizikia kwenye msingi. Hapo ndipo penye ufundi ninaotaka kuusifu.

Mtazame fundi anavyopanda. Hakanyagi bati popote anapotaka. Hufuata mstari wa misumari, kwa kuwa chini ya misumari pana mbao, na mguu ukitua kati ya mbao mbili bati hubonyea, na pale lilipobonyea maji hutuama na kutu ikapata makao. Akifika juu huchutama, akapitisha ncha ya kidole chini ya kichwa cha msumari mmoja mmoja. Anatafuta raba. Kila msumari wa bati una kiraba chini ya kichwa chake, na jua la miaka kadhaa hukikausha kikapasuka kama ganda la njugu. Kwa macho, kutoka chini, msumari huo ni mzima. Kwa kidole, unacheza.

Fundi mbovu huupiga msumari huo nyundo ukarudi chini, akapokea pesa na kuondoka. Tundu limekwisha kupanuka, na upepo wa kwanza wa Aprili utauinua tena. Fundi ninayemsifu huung'oa, akaweka mnene na mrefu zaidi wenye raba mpya, tena juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde lake ambamo maji hupita. Mabati yanapopandana huhakikisha yamepishana kwa mgongo mmoja na nusu au zaidi, na kwamba ukingo wa bati la juu umeupa upepo kisogo, usije ukapenya chini yake na kulifunua. Mambo haya hayaandikwi kwenye risiti, na mwenye nyumba aliye chini hawezi kuyaona. Yanategemea dhamiri ya mtu aliye juu ya paa peke yake, juani.

"Fundi, si upake tu gundi kwenye matundu?" mama mwenye nyumba huuliza kutoka uani, akifikiria gharama.

"Mama, nikipaka juu ya kutu, Aprili utaniita tena."

Kwa hiyo husugua kwanza kwa burashi ya waya hadi bati ling'ae, akapangusa vumbi, ndipo akapaka, akalaza kitambaa juu yake na kupaka tena. Kazi ya tundu moja huweza kula nusu saa. Nimesimama chini ya ngazi nikaangalia, na sikuona hata dakika moja iliyopotea.

Kisha zinakuja gata, na hapa ndipo hesabu inapoingia. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 10 kwa 8 ni mita 80 za mraba. Idara ya Hali ya Hewa inapotutahadharisha kuhusu mvua ya kupita milimita 20 kwa saa 24, paa hilo dogo linaletewa lita 1,600. Maji hayo yote yatashuka, utake usitake. Swali ni yatashukia wapi, na jibu lake linategemea mwinamo ambao jicho haliwezi kuuona: sentimita moja hivi kwa kila mita, kutoka mwisho wa gata hadi kwenye bomba la kushushia.

Kuupata mwinamo huo fundi hatumii chombo cha bei. Anacho kipande kirefu cha bomba la plastiki linaloonyesha ndani, amelijaza maji. Kijana wake hushika ncha moja kwenye kona ya nyumba, yeye hushika ya pili kwenye kona nyingine, wakangoja maji yatulie. Yakitulia, pande zote mbili yako sawasawa kabisa, nyumba iwe imejengwa kwenye mteremko au tambarare. Hapo hutia alama ya penseli, akapima kushuka kwake kutoka kwenye alama, akavuta uzi, na vishikizo vya gata vikafuata uzi. Mwisho humimina ndoo ya maji upande wa juu na kukaa kimya akiyatazama yakitembea. Yakisita mahali, hata kwa kiasi cha kuloweka jani tu, hufungua kishikizo na kuanza upya. Ni jambo la kupendeza kumwona mtu mzima akiyasubiri maji kwa subira namna hiyo.

Gata zenyewe nyingi zimekunjwa na mafundi wa jua kali, bati bapa likigongwa kwa nyundo ya mbao juu ya chuma kilichonyooka. Namba ya geji ikipungua bati huwa nene zaidi. Geji 28 inaishinda geji 32, ingawa muuzaji asiye mwaminifu hufurahia mnunuzi anayedhani kinyume chake.

Ardhini nako kuna somo. Sehemu kubwa ya Ruiru ilikuwa kahawa. Si bure mche ulioanza kutolewa kwa wakulima mwaka 1985 uliitwa Ruiru 11. Mashamba mengi yakakatwa vipande vya futi 50 kwa 100, na mvua iliyokuwa ikinywewa na udongo kati ya mistari ya mikahawa sasa huanguka juu ya mabati, saruji na kabro, ikakimbilia kwa jirani wa chini. Upande wa tambarare, kuelekea Juja na chini ya Thika, kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, nao huipasua nyumba pamoja nao. Bomba la gata likimwaga maji mguuni pa ukuta kwenye udongo huo, mwenye nyumba anajivunjia msingi kwa mvua yake mwenyewe. Mawe ya Ndarugu tunayojengea nayo ni mazuri lakini hunywa maji. Ndiyo sababu fundi hodari haondoki kabla ya kuona maji ya paa yanaingia kwenye tangi au mtaro, na kwamba saruji iliyozunguka nyumba imeinama kwenda nje.

Mtaro wa barabarani si wa fundi. Ni wetu. Ploti kumi zikizibua na ya kumi na moja ikaacha chupa na karatasi za nailoni zizibe kalvati, maji yatarudi kwenye zile kumi. Wakikuyu huyaita masika mvua ya njahi, na wakulima wao husafisha shamba kabla tone la kwanza halijaanguka. Sisi wa ploti tungeweza kuchukua sepetu na jembe Jumamosi moja tukafanya vivyo hivyo. Ndani ya nyumba kazi ni ndogo: vyeti na hati viwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mahali pa juu, na kila mtu ajue swichi kuu ya stima iko wapi.

Masika huanza karibu na katikati ya Machi. Kufikia hapo fundi mzuri hapatikani, simu yake hailali. Mwite Februari. Mpe siku nzima badala ya saa mbili, usimharakishe akiwa juu ya ngazi, na akimaliza mlipe mlichopatana bila kumkata kwa sababu eti paa linaonekana vilevile kama lilivyokuwa.