Brusela: Mgeni Aliyehamia kwa Askari

Asubuhi sokoni Garissa, Kenya, muuza maziwa ya ngamia hufungua mtungi wa njano, humimina kidogo kwenye kifuniko na kuonja. Yakiwa bado matamu, huyachanganya na ya wenzake. Yakiwa yameanza kuchachuka, huyatenga yawe susa, yaani maziwa ya kuchachuka. Kwa kuchachuka, ulimi wake haukosei. Kwa Brusela haumsaidii kitu, kwa sababu bakteria huyu habadilishi ladha, harufu wala rangi ya maziwa, na ngamia anayemtoa huweza kuonekana mzima wa afya. Tena mtungi mmoja hubeba maziwa ya maboma kadhaa, kwa hiyo ngamia mmoja tu anatosha kuuchafua wote.

Mnyama mzima asiyeshukiwa ndiye aliyewazungusha madaktari wa jeshi la Uingereza kisiwani Malta. David Bruce alimpata bakteria huyu mwaka 1887 katika bandama za wanajeshi waliokufa kwa homa. Ikapita miaka 18 kabla Themistocles Zammit hajabaini, mwaka 1905, kwamba chanzo kilikuwa mbuzi waliokuwa wakikamuliwa kila siku mbele ya macho ya watu.

Huku kwetu mgonjwa husema tu, "nina brusela". Wengine huiita homa ya maziwa. Homa huja na kuondoka, usiku shuka hulowa jasho, viungo na kiuno huuma, na mwili huchoka hata bila kazi. Ukisikia maelezo hayo kwenye benchi la zahanati, unaweza kudhani ni malaria, taifodi, au kifua kikuu kilichoshuka kwenye uti wa mgongo. Halafu kipimo hudanganya, dawa huchukua wiki sita, na homa hurudi baada ya mtu kujiona amepona. Naona usumbufu wote huu una mzizi mmoja, nao ni mahali bakteria huyu anapokaa.

Bakteria wengi wanaotuumiza hubaki nje ya seli, katika damu na majimaji ya mwili, ambako kingamwili huwashika. Brusela huingia na maziwa mabichi, au kupitia mchubuko wa mkono wa mfugaji anayemsaidia mbuzi kuzaa. Mkono huo uko hatarini kweli, maana Brusela hujazana kwenye kondo la mnyama aliyetupa mimba. Akishaingia mwilini, humezwa na makrofaji, chembe nyeupe, askari wa mwili ambaye kazi yake ni kumeza na kusaga wavamizi. Hapo ingefaa king'ora kilie. Bakteria wengine wa aina yake wana ganda la mafuta na sukari ambalo kinga hulitambua papo hapo. Ganda la Brusela limeundwa kwa namna ambayo vipokezi vya tahadhari haviligusi sana. Kwa hiyo mtu huendelea na shughuli zake kwa wiki kadhaa, pengine miezi, bila kujua lolote.

Ndani ya makrofaji, Brusela hufungiwa katika kifuko. Desturi ya seli ni kukitia kifuko hicho asidi, kisha kukiunganisha na lisosomu, mfuko wenye vimeng'enya vya kusagia. Brusela wengi hufa katika hatua hii. Kwa wachache wanaobaki, asidi ileile iliyokusudiwa kuwaua ndiyo inayowaamsha. Huwasha jeni ziitwazo VirB, nazo hujenga kitu kama sindano ndogo inayopenya ukuta wa kifuko na kuingiza protini za bakteria ndani ya seli. Protini hizo hukipotosha kifuko njia. Badala ya kuishia lisosomu, kinafika kwenye endoplazimu retikulamu, karakana ambamo seli hutengenezea protini zake. Humo Brusela huzaliana kwa utulivu, na kwa muda mrefu hamuui mwenyeji wake. Askari amegeuka kuwa nyumba.

Majirani zake, bakteria wengine wanaoishi ndani ya seli, wana mbinu nyingine. Bakteria wa kifua kikuu huzuia kifuko kisipate asidi ya kutosha wala kuungana na lisosomu. Coxiella burnetii, anayeleta homa ya Q, na ambaye kingamwili zake zimepatikana kwa mifugo na watu wa Garissa na Tana River, hafanyi hila ya kukwepa. Huingia lisosomu lenyewe, na asidi ya humo ndiyo humpa nguvu ya kula na kukua.

Kingamwili hubaki mlangoni, hazina ufunguo wa seli. Wanaoweza kusaidia ni seli T, ambazo hutoa interferoni gama, ujumbe unaomwambia makrofaji aunguze kilichomo ndani yake kwa kemikali kali. Hilo likifanyika vizuri, Brusela hupungua sana. Likifanyika nusunusu, hubaki kwenye ini, bandama, uboho na mifupa ya mgongo, akisubiri.

Sasa rudi zahanati. Vipimo vya haraka hutafuta kingamwili, yaani nyayo. Nyayo zinasema mtu amepita, hazisemi kama bado yumo ndani. Mahali ambapo watu hunywa maziwa mabichi tangu utotoni, nyayo haziwezi kukosekana. Isitoshe, sukari za ganda la Brusela zinafanana na za bakteria mwingine, Yersinia enterocolitica aina ya O:9, kwa hiyo kipimo huweza kumsingizia asiyehusika. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliofanyika magharibi mwa Kenya, ulikuta kipimo cha kugandisha kinachotumika sana zahanati zetu kinawapa wengi ugonjwa wasio nao. Kipimo cha Rose Bengal ni bora zaidi na bei yake si kubwa. Mimi sioni sababu ya kuendelea na kile cha zamani.

Dawa nazo lazima zimfuate ndani ya seli. Doksisaiklini na rifampisini hupenya vizuri, streptomaisini hupenya kwa shida. Ajabu ni kwamba doksisaiklini pamoja na sindano za streptomaisini huacha ugonjwa ukirudi mara chache kuliko ikiunganishwa na rifampisini. Sababu mojawapo ni kwamba rifampisini huharakisha ini kuondoa doksisaiklini kwenye damu. Na katika eneo lenye kifua kikuu, kumpa rifampisini mtu ambaye kifua kikuu chake hakijagunduliwa ni kumfundisha bakteria wa kifua kikuu jinsi ya kuishinda dawa hiyo.

Binadamu hana chanjo. Mbuzi na kondoo wana Rev.1, ng'ombe wana S19. Zote mbili ni bakteria hai waliodhoofishwa, kwa sababu bakteria mfu huamsha kingamwili bila kuamsha seli T vya kutosha. Daktari wa mifugo akijichoma kwa Rev.1 huweza kuugua, na streptomaisini haitamfaa, maana bakteria wa chanjo hiyo ni sugu kwake. Ngamia hana chanjo iliyotengenezwa kwa ajili yake.

Joto la digrii 63 kwa nusu saa linatosha kumuua Brusela. Nyumba nyingi za Garissa hufanya zaidi ya hapo kila asubuhi bila kupima chochote, kwa kuchemsha maziwa ya chai. Kisha sinia huletwa kwa mgeni: chai iliyochemka, na kando yake, kwa heshima, bilauri ya maziwa yaleyale, mabichi.