Kiwango si Kigezo: Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Umeme

Mfasiri aliyepewa ikisiri ya utafiti wa uzamivu wa fizikia ya leo, unaohusu mada za kitopolojia na matumizi yake katika kupima umeme, hana budi kuandika sentensi inayokaribiana na hii: “Kiwango cha ukinzani chenye usahihi mkubwa hupatikana katika kihami cha topolojia kwa athari ya Hall ya kwanta isiyo ya kawaida, mradi kiwango cha Fermi kiwe ndani ya pengo la nishati.” Kila neno humu limekwisha kuzoeleka, wala sarufi haina dosari. Hata hivyo naona kuwa sentensi hii haisomeki, na makala haya yanakusudia kuonyesha ni kwa nini.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe. Mwaka 1879 Edwin Hall, akiwa bado mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Baltimore, Marekani, alipitisha mkondo wa umeme katika jani jembamba la dhahabu lililowekwa ndani ya uga wa sumaku, akaona kuwa volteji inajitokeza kwa upande, kukatisha njia ya mkondo. Volteji hiyo ikigawanywa kwa mkondo twapata kile kinachoitwa ukinzani wa Hall. Karne moja ikapita. Mwezi Februari mwaka 1980, katika maabara ya sumaku kali mjini Grenoble, Ufaransa, Klaus von Klitzing alipima ukinzani huo katika kifaa cha silikoni kilichopozwa mno, akakuta kwamba haupandi kwa mteremko laini bali kwa vidato, na kwamba thamani ya kila kidato ni ohm 25,812.807 ikigawanywa kwa namba kamili: 1, 2, 3 na kuendelea. Haikujali umbo la kifaa wala uchafu uliomo ndani yake. Kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985, na tangu tarehe 1 Januari 1990 maabara za mataifa zimeutumia kuhifadhi ohm, badala ya kutegemea koili za waya ambazo ukinzani wake hubadilika kidogo kidogo kadiri miaka inavyopita.

Sasa turejee kwenye sentensi yetu. Neno “kiwango” limetumika mara mbili kwa maana mbili zisizohusiana: mara ya kwanza ni kile kitu ambacho vipimo vingine hulinganishwa nacho, na mara ya pili ni ngazi ya nishati ya elektroni. Juu ya hayo, mtumishi wa serikali anayo maana ya tatu, tena ndiyo anayoijua kuliko zote, ile iliyomo katika jina la Shirika la Viwango Tanzania: sharti la ubora ambalo bidhaa yapasa kulitimiza. Afisa ugavi akiletewa waraka unaosema “kiwango cha ukinzani ni ohm 12,906” ataelewa kwamba huo ndio mpaka unaoruhusiwa, na kwamba waya wenye ukinzani zaidi ya huo ukataliwe. Waraka ulikusudia kitu kilichofungiwa maabara, ambacho mita za ukinzani hupelekwa kulinganishwa nacho.

Kosa hili si la Kiswahili peke yake. Kiingereza nacho kina neno moja kwa mambo hayo mawili, sharti na kifaa cha kulinganishia, na wasomaji wake huyapambanua kwa muktadha tu. Kifaransa kina maneno mawili tofauti. Sisi tumefasiri kutoka Kiingereza, na tukarithi utata wake pamoja na istilahi yake. Kisha tukauongezea wetu, maana kiwango katika kamusi za zamani hutokana na kuwanga (kuhesabu, si kule kwa usiku), na kwa hiyo huchukua pia maana ya kiasi na cheo.

Lakini neno tunalolihitaji tunalo. Kugeza ni kupima kitu kwa kukilinganisha na kingine, na kigezo ni kile kinacholinganishiwa: ufito wa fundi, kipande cha nguo cha mshoni, pishi ya mwenye duka. Hakuna istilahi ya kisayansi inayoweza kusema jambo hili vizuri zaidi. Tena neno hili linakuja na ndugu zake: mita ikipelekwa maabara kulinganishwa na kigezo, basi imegezwa, na kazi hiyo ni ugezaji. Najua watapinga wale wanaolitumia kigezo kwa maana ya sifa za kuchagulia waombaji kazi. Maana hiyo nayo imetoka kwenye ileile ya kwanza, wala haimpotoshi msomaji wa waraka wa vipimo kama “kiwango” kinavyompotosha. Ngazi za nishati tuziite ngazi, na kiwango tuliachie Shirika.

Tukija kwenye “kihami cha topolojia”, shida ni ya namna nyingine. Topolojia ni tawi la hisabati linalochunguza sifa za umbo ambazo hazibadiliki umbo linapokunjwa au kuvutwa bila kuchanwa. Kikombe chenye mkono mmoja na bangili, kwa mwanatopolojia, ni kitu kimoja, kwa kuwa kila kimoja kina tundu moja. Na tundu huhesabiwa kwa namba kamili, hakuna nusu tundu. Mwaka 1982 David Thouless na wenzake walionyesha kuwa namba kamili za von Klitzing zatokana na hesabu ya jinsi hiyo, na hiyo ni mojawapo ya kazi zilizompatia Thouless sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2016. Kihami cha aina hii kwa ndani hakipitishi umeme, bali ukingoni mwake kinapitisha.

Utaratibu wetu wa kuunda istilahi unatutaka tutafute ndani ya Kiswahili na lugha za Kibantu kabla ya kukopa ng’ambo, na kwa kuufuata mtu angeweza kupendekeza “kihami chenye ukingo pitishi”. Ni istilahi nzuri kwa sikio, lakini inafundisha uongo. Ubao uliopakwa rangi ya fedha pembeni nao ni kihami chenye ukingo pitishi. Ukwangue rangi, sifa imekwisha. Kihami tunachokizungumzia ukikikata katikati, pale ulipokata panakuwa ukingo mpya, nao unapitisha vilevile. Upitishaji haukupakwa, watokana na hesabu iliyomo ndani. Maadamu hakuna neno letu linalobeba maana hiyo, kukopa ni uaminifu. Nashauri “kihami topolojia”, bila kiunganishi, kwani “cha” humfanya msomaji adhani ni kihami kinachotumiwa na wanatopolojia.

Viunganishi ndivyo pia vinavyoharibu “athari ya Hall ya kwanta isiyo ya kawaida”. Ni nini kisicho cha kawaida: athari au kwanta? Na neno lenyewe ni la kihistoria tu. Hall aliona kuwa katika chuma na metali nyingine zenye usumaku athari yake ni kubwa kupita kiasi, na kwa kuwa sababu haikujulikana, ikaitwa si ya kawaida. Leo sababu inajulikana, nayo ni usumaku wa mada yenyewe. Mwaka 2013 wanasayansi wa Beijing waliipata athari hiyo kwa namna ya kikwanta katika utando wa bismathi, antimoni na teluri uliotiwa kromi, pasipo uga wowote wa nje. Hapo ndipo ilipo faida kwa wapimaji, kwa sababu vigezo vya volti hutumia vipitishi-kamili ambavyo huvurugwa na sumaku kali, na hivyo kigezo cha ohm hakikuweza kuwekwa pamoja navyo kwa urahisi. Bado mada hizi zadai baridi iliyo chini sana ya kelvini 1 na mikondo midogo mno. Kwa jina, “athari ya Hall ya kikwanta kwa usumaku wa ndani” ni refu, lakini linaeleweka.

Limebaki neno “usahihi”, ambalo tumelibebesha mambo mawili. Mizani ya duka inayopunguza gramu 50 kila mara, bila kukosea, ina ukaribiano mkubwa wa vipimo, lakini haina usahihi. Tena yako mambo ya kosa na shaka. Mwaka 2018 watafiti wa Würzburg na wa maabara ya taifa ya Ujerumani iliyoko Braunschweig walitangaza kuwa ukinzani waliopima katika mada iliyotiwa vanadi ulitofautiana na thamani iliyotarajiwa kwa sehemu 0.17 katika milioni, na shaka ya kipimo ikiwa 0.25. Mfasiri akiandika “kosa la 0.17” amewasingizia: tofauti ni ndogo kuliko shaka, kwa hiyo hakuna kosa lililothibitika. Mwaka 2022 wapimaji wa Japani waliishusha shaka hadi sehemu 1 katika milioni 100. Wako watakaosema kuwa hati ya serikali yenye neno “shaka” itatiliwa shaka. Nawajibu kwamba hati ya kipimo isiyotaja shaka yake ndiyo isiyostahili muhuri.

Sentensi ya mwanzo basi ningeiandika hivi: “Kigezo cha ukinzani chenye shaka ndogo hupatikana katika kihami topolojia, kwa athari ya Hall ya kikwanta kwa usumaku wa ndani, mradi ngazi ya Fermi iwe ndani ya pengo la nishati.” “Pengo” bado halijanikalia sawa, kwa kuwa elektroni hazikuondoka mahali hapo, bali haziwezi kukaa, mwenye neno bora alilete.