Vitatu Huletwa, Kimoja Husomwa

Kura yenyewe haichukui hata dakika tano. Vitabu vitatu viko mezani, kati ya chupa ya chai na sahani ya mandazi. Mikono inainuliwa, inahesabiwa, basi. Mgeni akichungulia jioni hiyo chumba cha nyuma cha duka la fotokopi hapa Huruma, Eldoret, ataondoka akiamini ameona kikundi kikichagua kitabu cha mwezi ujao. Hajaona. Uamuzi ulipita zamani, ule wa kuleta vile vitatu na kuacha vingine vyote, na aliyeufanya ni huyo anayezunguka akimimina chai kama mtu asiyehusika.

Mwenye duka ndiye mchaguzi wetu. Vijana humwita Mathe, wa umri wake humwita Mama, naye huitikia yote mawili bila kuinua macho kwenye simu ya M-Pesa. Hakusomea fasihi. Mchana hupiga chapa barua za kuomba kazi, hutoa nakala za vitambulisho, huuza kalamu na madaftari. Lakini nimemtazama kwa muda mrefu sasa, na sijui mtu mwingine mwenye jicho kama lake la kukutanisha kitabu na watu.

Wengi wetu tukiombwa tupendekeze kitabu hutaja tulichokipenda. Huko ni kujisifu kwa adabu. Mathe huanza na watu: nani yuko zamu za usiku, nani ana mtoto anayeingia kidato cha kwanza, nani amenyamaza vikao viwili mfululizo. Mkulima wa Moiben akienda kununua mbegu haulizi ipi ni bora duniani. Huuliza ipi itakubali shamba lake, kwenye mwinuko huu wa zaidi ya mita 2,000, na mvua yake. Mathe huuliza vivyo hivyo, na jibu lake hubadilika kila mwezi.

Mwendesha bodaboda, kwa mfano, husoma stejini akingoja zamu yake. Mteja akija, kitabu kinaingia ndani ya jaketi. Riwaya yenye sura za kurasa arobaini haimfai hata iwe tamu namna gani, kwa kuwa kila akirudi hukuta uzi umekatika. Basi sura fupi ni sharti, angalau kwa kitabu kimoja kati ya vitatu. Mzee aliyestaafu kiwandani anataka herufi kubwa. Muuguzi hana shida na urefu wala herufi, ila hataki hospitali. Anasema akitaka wagonjwa anajua pa kuwapata.

Mtazame anapokagua kitabu cha mtumba kilicholetwa na mchuuzi. Kwanza hukifungua katikati na kuubana mgongo kidogo kwa vidole gumba, akisikiliza gundi. Nakala za wizi, zile zinazochapwa kichochoroni, hulia kama karatasi kavu, na mtu wa tatu kuzisoma hubaki na kurasa mkononi. Kisha hutoka nacho hadi mlangoni, kwenye mwanga, akakinyoosha mbali kwa urefu wa mkono. Hapo anasoma kwa macho ya mzee. Halafu hutafuta ukurasa wa tisini, au wa karibu na hapo, na kusoma aya moja kwa sauti ya chini, midomo ikitembea.

Nilimwuliza kwa nini haanzi mwanzoni kama watu wengine.

“Ukurasa wa kwanza mwandishi ameuandika mara ishirini,” akasema. “Nipe wa tisini. Huo aliuandika akiwa amechoka.”

Tangu siku hiyo nimeujaribu mtihani wake madukani, na umeniokolea pesa.

Baada ya hapo ni suala la nakala, na hapa ndipo vikundi vingi vya kusoma hufia. Kitabu kinapendwa, kinapigiwa kura, kisha inagundulika kuwa mji mzima una nakala moja. Mathe hakiweki mezani kitabu ambacho hajajua angalau nakala nne zitatoka wapi: moja maktaba ya umma hapa Eldoret, moja kwa mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne na hataki kuiona tena, nyingine kwa wauza vitabu vya mtumba mjini, au kwa mtu anayetoka Nairobi na gari la jioni. Vitabu vipya si rahisi kwa mifuko yetu, na sheria ya VAT ya 2013 iliyoviwekea kodi ya asilimia 16 haikusaidia. Kwa hiyo tunasoma wawili wawili, watatu watatu, kwa kupokezana, naye hupanga nani atangulie. Wa zamu za usiku huanza. Wasomaji wa dakika ya mwisho humaliza.

Mtu atauliza: si ana mashine ya fotokopi? Anayo, na hakopi kitabu. Kijana mmoja aliwahi kumsihi sana. Akampigia hesabu palepale: kurasa 200 kwa shilingi 5 ni 1,000, na kitabu chenyewe dukani ni chini ya hapo. Alipoona kijana bado anataka kubishana akaongeza kwamba mwandishi naye analipa kodi ya nyumba. Mjadala ukaisha.

Kalenda anaijua kama mwenye shamba. Januari ni karo, watu hawana pesa wala utulivu. Kiletwe kitabu chembamba chenye hasira. Machi na Aprili nusu ya kikundi iko mashambani kwa upanzi. Julai, baridi ya Eldoret inapowafungia watu ndani mapema, ndipo riwaya nene hupewa nafasi. Desemba hachagui kabisa; kila mtu huenda nyumbani na chochote atakacho.

Mambo hayo yote, hata hivyo, katibu mwangalifu angeweza kujifunza. Ninachokistaajabia mimi ni mfuatano. Mathe hachagui kitabu kimoja kimoja. Huchagua kitabu kitakachojibu kilichotangulia. Vijana wetu walimsumbua muda mrefu wakitaka Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kitabu cha 1997 ambacho huwezi kupita penye vitabu vya mtumba nchini Kenya bila kukiona. Wasomaji wenye majivuno wangekataa, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokunja uso. Yeye hakukataa. Alikiweka mezani, kikashinda, kikasomwa kwa bidii, na vijana wakaja na kalamu na mipango ya utajiri. Mwezi uliofuata vitabu vyote vitatu alivyoleta vilihusu kazi na mshahara, na kilichoshinda ni Kuli cha Adam Shafi, riwaya ya 1979 kuhusu wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa 1948. Mwendesha bodaboda, aliyekuwa ameinua Kiyosaki juu kama bendera, alifika akiwa na swali moja: hawa waliobeba magunia maisha yao yote, walikosa nini, elimu ya pesa au pesa? Tulikaa hadi taa za duka zikazimwa. Mathe hakutia neno. Alikuwa amekwisha sema kwa kupanga.

Alifanya hivyo tena na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na kuletwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupata tuzo ya Nobel. Wengine wangeipeleka mezani kwa sababu ya Nobel. Mathe hakuitaja tuzo hata mara moja. Alichosema, akikisukuma kitabu katikati ya meza, ni kwamba humu mna mtoto anayetolewa kwa tajiri kwa sababu baba yake ana deni. Ilikuwa mwisho wa Januari. Karibu kila simu mle chumbani ilikuwa na deni la Fuliza. Kura hazikuhitaji kuhesabiwa.

Marekani, mwaka 1926, ilianza kampuni iliyoitwa Book-of-the-Month Club, yenye jopo la waamuzi waliochagua kitabu na kukipeleka kwa posta kwa wanachama wasiowajua. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa Lolly Willowes cha Sylvia Townsend Warner. Miaka 70 baadaye Oprah Winfrey akaanza kuchagulia taifa zima kupitia televisheni. Siibezi kazi hiyo. Lakini kuchagua kwa ajili ya watu usiowaona ni ustadi mwingine. Ukikosea, hutakutana nao kesho yake wakija kutoa pesa kwenye M-Pesa yako.

Kitabu ambacho asingeweza kukikosea ni Chozi la Heri, na hapa sitafanya haraka.

Riwaya hiyo ya Assumpta K. Matei ilikuwa kitabu cha lazima katika shule zetu za sekondari kabla ya Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kuishika nafasi yake. Inamhusu daktari aitwaye Ridhaa, ambaye nyumba yake inateketezwa na familia yake ndani yake katika ghasia za baada ya uchaguzi, naye anaishia kambini pamoja na wakimbizi wa nchi yake mwenyewe. Kwingine hiyo ni riwaya. Hapa Eldoret, ambapo kanisa la Kiambaa viungani mwa mji lilichomwa katika ghasia kama hizo tarehe 1 Januari 2008 likiwa na watu waliokimbilia humo, na ambapo Huruma ni mtaa wa makabila yaliyochanganyika ploti kwa ploti, kitabu hicho hakiwekwi mezani hivi hivi. Meza yetu ina watu wa pande zote za mwaka ule.

Kila mara kilipopendekezwa Mathe alisema nakala hazijapatikana. Nakala zilikuwepo, kila nyumba yenye mtoto wa sekondari ilikuwa nayo. Alikuwa akingoja, na nimekuja kuelewa alikuwa akingoja mambo matatu kwa pamoja. Mwaka usiwe wa uchaguzi. Mwezi usiwe Desemba wala Januari. Na kikundi kiwe kimeshagombana vizuri kuhusu kitabu kingine, kwa sauti kubwa, na watu wakarudi kikao kilichofuata. Ugomvi huo ulipatikana kwa Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, tafsiri ya riwaya ya Kifaransa ya 1979 kutoka Senegal, ambayo suala lake la mke wa pili liliwagawa wazee na vijana hadi pembe zote nne za chumba. Wakarudi wote. Mwezi uliofuata Chozi la Heri kikawa mezani.

Kulikuwa na tatizo la pili, dogo lakini la kweli: vijana walikuwa wamekwisha kukisoma kwa ajili ya mtihani, pamoja na mwongozo. Walijua Ridhaa ana sifa sita, kila sifa na mfano wake. Walijua maudhui kwa orodha. Mathe akaweka sharti moja tu, kwamba hakuna kuleta maoni. Kila mtu alete ukurasa. Mtu anasoma ukurasa aliouchagua, anaketi, anafuata mwingine. Sifa sita hazikupata mahali pa kusimama. Jirani yangu wa kushoto alisema alifika ukurasa fulani, akafunga kitabu na hatakifungua tena. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Fundi wa kushona akasoma ukurasa wake, kisha akaanza kueleza kuhusu jirani aliyemfichia cherehani mwaka ule, mtu wa kabila lingine, na hapo watu wakaacha kumzungumzia Ridhaa bila mtu yeyote kutangaza kwamba wameacha.

Nimesoma vitabu vingi kuhusu yale yaliyotokea, pamoja na ripoti. Sijawahi kukaa mahali ambapo yalizungumzwa hivyo, na najua haikuwa bahati.

Simkubalii katika kila kitu. Anauogopa ushairi, mwaka mzima hutuletea diwani moja, na kila mara huiweka kando ya riwaya ya mapenzi ambayo haiwezi kushindwa. Hata kwenye riwaya, Kezilahabi wa Rosa Mistika anamruhusu, Kezilahabi wa Nagona hamruhusu. “Hicho ni cha kusoma peke yako,” huniambia. Nami humjibu kwamba Nagona ndicho hasa kitabu ambacho mtu mmoja hawezi kukimaliza bila wenzake. Tumebishana hivyo mara nyingi, na kwa kuwa vitabu huletwa na yeye, nashindwa.

Hata kushindwa kwa kitabu ana matumizi nako. Kati ya vitatu, kimoja huletwa ili kishindwe. Barua Ndefu Kama Hii ilikuja mara ya kwanza ikapata kura mbili. Lakini watu walikuwa wamekishika, wamesoma jalada, wamesikia aya. Miezi kadhaa baadaye wakakiomba wenyewe, na Mathe akajifanya kushangaa.

Ana daftari la mraba, lile la hesabu, ambalo halionyeshi kwa wageni. Haandiki humo nani alipenda nini. Watu husema uongo kuhusu hilo, hasa mbele ya wenzao. Huandika kila mmoja aliishia ukurasa gani. Huuliza kwa njia yake, wakati wa kurudisha nakala, kama anayeulizia hali ya hewa. Kwa riwaya ya mwezi huu, ambayo mimi naiona nzuri sana, watu watano waliishia kati ya ukurasa wa 110 na wa 130. Amechora mstari chini ya namba hizo.

Kwa hiyo mwezi ujao ana haja ya kitu kifupi chenye maiti. Ameshaniambia kimoja kati ya vitatu kitakuwa Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, cha mwaka 1960, kisa cha kwanza cha mpelelezi Bwana Msa. Mzee wa kiwandani ametangaza kwamba yeye hasomi mambo ya polisi. Mathe amenakili tangazo hilo daftarini na anaendelea kutafuta nakala. Amepata mbili, na mchuuzi mmoja karibu na steji kuu ameahidi ya tatu ifikapo Alhamisi.