Jiwe la London na Mti wa Chitambo

Nianze kwa kukiri: jiwe ninalolikosoa leo sijaliona kwa macho. Liko London, ndani ya kanisa la Westminster Abbey, sakafuni, watu wanapita. Nimeliona kwa picha kwenye simu ya rafiki. Hata Ujiji, ambayo iko mkoa huu huu wa Kigoma, sijafika, maana kutoka kambini ni mpaka kibali. Basi nakosoa nikiwa mbali. Lakini maandishi ni maandishi, hata kwa picha yanasomeka.

Jiwe ni la David Livingstone. Waliosoma shule hapa wanamjua, ndiye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871. Alikufa 1873 kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wa msafara wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliutoa moyo wake wakauzika chini ya mti. Mwili wakaukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba mpaka Bagamoyo. Miezi kama tisa, zaidi ya kilomita 1,600, kwa miguu. Baadhi yao walikufa njiani. Februari 1874 wakafika pwani, na Aprili mwaka huo huo akazikwa London.

Sasa tusome. Jiwe linasema aliletwa na mikono yenye uaminifu, akavushwa nchi kavu na bahari. Sentensi nzuri, sikatai, inatembea vizuri mdomoni. Lakini mikono ya nani? Mkono hauna mama wala kijiji. Na usiniambie nafasi ilikuwa ndogo. Wameweka kazi za marehemu, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipofia, hata maneno yake mwenyewe kuhusu biashara ya watumwa. Chuma na Susi ni herufi tisa tu! Tena Jacob Wainwright, mmoja wa msafara, alikuwapo siku ya mazishi, akashika jeneza pamoja na wakubwa. Wangemuuliza, angewaandikia.

Huyu Wainwright ndiye ananifurahisha. Alikuwa Myao, aliyewahi kuwa mtumwa, akaokolewa, akasomeshwa India. Kule Chitambo ndiye aliyesoma sala ya maziko, kisha akachonga maandishi kwenye shina la ule mti. Aliandika nini? Jina la Livingstone, tarehe, na majina ya watu watatu wa msafara. Basi. Hakuna sifa hata moja. Na mimi nasema mti umelishinda jiwe, mbali kabisa. Jiwe linamjua aliyelala peke yake. Mti unawajua na waliomlaza.

Mtu atasema, lakini mti si ulioza? Kweli. Mwaka 1899 ulikatwa kwa sababu ulikuwa unaharibika, na kile kipande chenye maandishi kikapelekwa London. Kumbe nacho kilienda huko huko. Baadaye pakajengwa mnara pale Chitambo.

Mbao haidumu, hilo sisi wa hapa hatufundishwi na mtu. Nenda kwenye makaburi yetu baada ya masika. Misalaba ya mbao imeliwa na mchwa, rangi imeoshwa, vingine vimebaki vijiti tu. Kikundi chetu cha vijana kilianza kupita na daftari kunakili majina kabla hayajaisha, na hapo ndipo nilipatikana. Nilifika kwa koko wangu (sisi wa Uvira tunasema koko, wengine semeni bibi). Ubao bado umesimama. Maandishi bado yanasomeka, kwa sababu niliyapiga mimi mwenyewe, rangi ya mafuta, nikiwa na miaka 17: KOKO, na tarehe aliyofariki.

KOKO tu. Mwenzangu aliyeshika kalamu akaniuliza, "Sasa hapa niandike jina gani?" Nikanyamaza. Sikulijua.

Nimewacheka watu wa Westminster aya tatu nzima, na wao angalau walijua jina la waliyemzika. Jioni nikamuuliza mama. Akanitazama kwanza, halafu akalitaja, pamoja na jina la babake koko na la mlima walikozaliwa. "Miaka hii yote," akasema, "hakuna mtoto aliyeniuliza." Lile jina liko kwenye daftari sasa. Hapa silitoi, mama hajaniruhusu.

Nikamuuliza pia nani walichimba kaburi, maana siku ile nililia tu, sikuangalia. Walikuwa majirani wanne. Wawili wamesharudi Kongo, mmoja amepelekwa Marekani, mmoja bado yuko, anauza mkaa njia ya sokoni.

Tunachanga pesa ya saruji, tutengeneze vibao vidogo na kuchora herufi kwa msumari kabla haijakauka. Mimi nataka nyuma ya kila kibao tuandike na waliochimba, kama Wainwright. Mzee mmoja wa zone yetu amekataa kabisa. Anasema kaburi ni la marehemu, kwa nini walio hai wajibandike pale? Tumebishana naye mara mbili, kwa heshima. Jumamosi tunarudi kwake, na yule muuza mkaa amesema atakuja, ingawa yeye mwenyewe hataki jina lake liandikwe.