Python 3.5.2 Ilichota Tope

Uamuzi wa Python 3.5.2 ulikuwa kosa, na miaka yote hii sijasikia hoja ya kunitoa hapo. Juni 2016, os.urandom() kwenye Linux iliruhusiwa kurudisha baiti kabla kerneli haijakusanya unasibu wa kutosha. Hakukuwa na onyo wala hitilafu. Aliyeomba baiti 32 alipewa 32, na kwa macho hazina tofauti na zilizo salama.

Mnakumbuka ilivyoanza. Kerneli 3.17 ilileta getrandom() mwaka 2014, na Python 3.5.0 ikaitumia ndani ya os.urandom() mwaka uliofuata, kazi safi. Kisha kwenye Debian skripti moja ya Python, systemd-crontab-generator, ikaitwa mapema mno mashine ikiwaka. Ikakwama kusubiri unasibu mpaka systemd ikaiua baada ya sekunde 90. Lawama zote zikaangukia getrandom().

Lakini skripti ile haikuomba ufunguo wowote! Ni Python yenyewe, inapoamka, iliyotaka siri ya heshi kwa ajili ya kamusi zake. Dawa ilikuwa wazi: siri ya heshi isisubiri, os.urandom() isubiri. Mahitaji mawili yakapewa jibu moja, nalo likawa la yule asiyehitaji usalama.

Huku Nuu, kiangazi kikikolea, maji tunayafukua kwenye mchanga wa mto mkavu. Ukishachimba shimo unachutama kando yake. Yanayochuruzika kwanza ni tope. Unayamwaga kwa kata, unangoja shimo lijae tena maji maangavu. Hata punda wakipanga foleni nyuma yako, hujazi mtungi tope. Ukishavuka mngojo huo, unachota mpaka jioni. getrandom() nayo husubiri mara moja tu tangu mashine iwashwe. 3.5.2 iliiuliza kwa GRND_NONBLOCK, ikajibiwa "bado", ikageukia /dev/urandom kimyakimya na kujaza mtungi.

Eti ni dakika za mwanzo tu. Dakika hizo ndizo kifaa kipya kinapotengeneza ufunguo wake wa SSH. Mwaka 2012 Nadia Heninger na wenzake walikokotoa funguo za siri za RSA za asilimia 0.5 ya seva za TLS walizozikagua mtandaoni, kwa sababu namba tasa zilijirudia kati ya kifaa na kifaa. Vingi vilikuwa ruta na vijimashine visivyo na kibodi, vya aina ileile tunayoifunga huku kwenye paneli za sola. Onyo hilo lilikuwa na miaka minne tayari.

OpenBSD ya Theo de Raadt ilikuwa na chanzo chake cha unasibu, arc4random(), tangu miaka ya tisini, na mwandishi wa programu hakuachiwa nafasi ya kukosea. Python, kinyume chake, hadi leo inaliachia jina zuri la "random" Mersenne Twister, ambayo matokeo 624 mfululizo yanatosha kuifichua yote, na bado naona vijana wakitungia nayo namba za siri za mara moja.

PEP 524 ya Victor Stinner ilitenganisha mahitaji hayo mawili katika 3.6, Desemba 2016. Tawi la 3.5 likaachwa na tope lake hadi lilipofungwa Septemba 2020, na ufunguo uliozaliwa humo haubadiliki kwa kusasisha Python.