GMAT: Usome mtihani kabla ya kusoma vitabu

Wengi wetu tumelelewa na mtihani wa karatasi. Tulifundishwa kupitia maswali yote kwanza, kuanza na mepesi, na magumu kuyarudia baadaye. Mtahiniwa anayeingia na mazoea hayo kwenye GMAT, mtihani wa kompyuta unaotumiwa na vyuo vingi vya biashara duniani kuchuja waombaji wa MBA, ameanza vibaya hata kama hesabu anaziweza.

Tuanze na umbo lake. Mtihani huu ulianza kutolewa mwaka 1954, ukahamia kwenye kompyuta mwaka 1997. Toleo la sasa lilianza mwishoni mwa 2023 na lina sehemu tatu: hesabu yenye maswali 21, lugha na hoja yenye 23, na uchambuzi wa data yenye 20. Kila sehemu ina dakika 45, na zote tatu zina uzito sawa katika alama ya jumla, inayoanzia 205 hadi 805. Insha imeondolewa, na usahihishaji wa sentensi pia. Kwa hiyo anayejiandaa kwa kitabu cha mitumba cha miaka ya nyuma anatoa jasho kwa mambo ambayo hataulizwa.

Jambo la pili ni namna kompyuta inavyopanga maswali. Ukijibu vizuri, yanayofuata huelekea kuwa magumu zaidi, ukikosa, hushuka. Alama yako inatokana na ugumu wa maswali uliyopata na uliyokosa, pamoja na idadi yake. Huwezi kuchungulia yaliyo mbele wala kupita bila kujibu. Unaruhusiwa kuweka alama kwenye swali lenye shaka na kulirudia ukishamaliza sehemu nzima, ikiwa muda umebaki, lakini majibu unayoweza kubadili hayazidi matatu. Ukiacha maswali mwishoni bila kuyajibu, unakatwa alama. Katika hesabu una wastani wa dakika mbili na sekunde chache kwa swali. Anayeng'ang'ania swali moja kwa dakika sita amekula muda wa maswali mengine mawili.

Tutazame swali la aina inayowatesa wengi, la utoshelevu wa data. Amina alinunua kalamu za shilingi 700 kila moja na madaftari ya shilingi 1,100 kila moja. Je, alinunua kalamu ngapi? Taarifa ya kwanza: alilipa jumla ya shilingi 5,400. Taarifa ya pili: kalamu na madaftari kwa pamoja ni 6. Unachotakiwa kusema ni taarifa ipi inatosha kupata jibu.

Aliyekariri kwamba visivyojulikana viwili vinadai milinganyo miwili atasema zote mbili zinahitajika, naye atakosa. Kalamu haziuzwi nusunusu. Akinunua daftari 1, zinabaki shilingi 4,300, ambazo hazigawanyiki kwa 700. Mawili yanabakisha 3,200, bado. Matatu yanabakisha 2,100, sawa na kalamu 3 kamili. Manne yanabakisha 1,000, haiwezekani. Jibu ni moja tu, basi taarifa ya kwanza inatosha peke yake. Maswali ya aina hii yamo katika sehemu ya uchambuzi wa data, yenye kikokotoo kwenye skrini, lakini hapa kilichookoa ni kufikiri.

Maandalizi yafuate mantiki hiyo. Fanya kwanza mojawapo ya mitihani miwili ya majaribio inayotolewa bure na waandaaji wenyewe, ujue udhaifu wako uko wapi. Wa pili uuhifadhi hadi karibu na siku yenyewe. Weka daftari la makosa, na kwa kila kosa andika chanzo chake: hukujua kanuni, ulisoma vibaya, au ulikawia ukabahatisha. Kila chanzo kina dawa yake. Zoea kuzidisha na kugawanya kwa kichwa, kwa kuwa sehemu ya hesabu haina kikokotoo. Fanya mazoezi mbele ya skrini, saa ikihesabu. Amua mapema mpangilio wa sehemu unaokufaa, kwani uchaguzi ni wako.

Zaidi ya yote, jifunze kuachia. Swali likikushinda, chagua jibu, weka alama, songa mbele. Vyuo vya biashara vinatafuta watu wanaoamua vizuri muda ukiwa mfupi; ujizoeze kuamua hivyo tangu siku ya kwanza ya maandalizi yako.