Riba, Ada na Msamaha: Uhakiki wa Lugha ya Hati za Mikopo

Kiswahili kimekwisha kupata maneno ya kutosha kwa mambo ya benki. Tunayo amana, hundi, dhamana, rehani, akiba, riba, mdhamini, na siku hizi kadi ya mkopo. Mtu angeweza kudhani kwamba kazi ya mfasiri wa hati za mikopo imekwisha, na kwamba kilichobaki ni kuchagua neno katika orodha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Istilahi inaweza kuwa sanifu, sentensi ikawa haina kosa la sarufi, na bado msomaji akaingizwa katika deni asilolifahamu.

Mwaka mmoja, msimu wa kulima mpunga ulipokaribia, mama mmoja mkulima wa Katindiuka, mjini Ifakara, aliniletea karatasi mbili za wakopeshaji wawili, ambao sitawataja. Alihitaji shilingi 300,000 mwezi Desemba kwa ajili ya trekta na mbegu, naye angelipa kwa mkupuo mmoja mwezi Juni, baada ya kuvuna. Karatasi ya kwanza ilitangaza kwa herufi kubwa: "Mkopo bila riba kwa miezi mitatu ya mwanzo." Chini yake, kwa herufi ndogo, zilitajwa ada ya fomu shilingi 10,000, ada ya kushughulikia mkopo asilimia 5, na bima shilingi 6,000, kisha: "Baada ya muda huo riba ya kawaida ya asilimia 3.5 kwa mwezi itahesabiwa." Karatasi ya pili ilisema tu: "Riba asilimia 3 kwa mwezi. Hakuna ada nyingine." Mama alikuwa amekwisha kuichagua ile ya kwanza. "Mwalimu," aliniambia, "si hii haina riba?"

Tufanye hesabu. Ada na bima ya karatasi ya kwanza ni shilingi 31,000, tena hukatwa kabla fedha hazijatolewa, hivyo mkopaji hupokea 269,000 na kudaiwa 300,000. Kwa miezi mitatu hiyo hiyo karatasi ya pili ingemgharimu 27,000. Yaani hata ndani ya muda unaoitwa "bila riba", mkopo wenye riba ndio ulio rahisi zaidi. Lakini mpunga wa bonde la Kilombero hauvunwi mwezi Machi. Kwa miezi sita karatasi ya pili ingedai 54,000. Na ya kwanza je? Hapa ndipo lugha inapotuacha njiani. Riba "itahesabiwa" kuanzia lini? Ikiwa ni kuanzia mwezi wa nne, riba ni 31,500, na gharama yote ni 62,500. Ikiwa hesabu inarudi nyuma hadi siku ya kwanza, riba ni 63,000, na gharama yote ni 94,000. Tofauti ya shilingi 31,500 imejificha ndani ya kitenzi kimoja kilichokosa maelezo ya wakati.

Shaka hii si ya Ifakara peke yake. Huko Marekani wenye benki huwavuta wateja wapya kwa kadi za mkopo zenye riba ya asilimia sifuri kwa miezi ya mwanzo. Katika kadi nyingi za namna hiyo riba ya miezi hiyo haidaiwi kamwe; muda ukiisha, hutozwa kwa deni lililobaki tu. Lakini zipo kadi, hasa za maduka, ambazo riba yake huendelea kuhesabiwa kimyakimya, na asiyemaliza deni lote kwa wakati hudaiwa riba yote tangu siku aliponunua. Aidha, anayehamishia deni lake la zamani kwenye kadi mpya hutozwa kwa kawaida ada ya asilimia 3 hadi 5 ya deni hilo. Mfasiri anayeandika "bila riba" kwa kadi zote hizo amefuta mpaka ambao sheria na mfuko wa mkopaji vyote vinautambua.

Sasa tulitazame neno ada. Maana yake ya asili ni desturi, na kutokana na desturi likapata maana ya malipo yanayostahiki kutolewa kwa mujibu wa desturi. Ni neno pole. Riba si neno pole: lilitoka katika Kiarabu pamoja na uzito wa katazo la dini, na msikilizaji, awe Mwislamu au asiwe, hushtuka kidogo alisikiapo. Haishangazi basi kwamba bei ya fedha hupenda kuvaa vazi la ada. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, nayo ikaiita ada. Sheria ya mwaka 2016 ilipowekea riba za benki ukomo wa nukta nne juu ya kiwango cha Benki Kuu, ada hiyo iliendelea kutozwa, ingawa kwa hesabu nyepesi asilimia 7.5 kila mwezi ni 90 kwa mwaka. Ukomo huo uliondolewa mwaka 2019. Funzo lake kwa mwanaistilahi halijaondoka: kinachoitwa ada hakipimwi kwa kipimo cha riba.

Wananchi wenyewe hawakungoja wataalamu. Mikopo ya kunyonya wameiita "kausha damu". Gunia lililoshindiliwa kupita kipimo huitwa lumbesa, na kule Kagera uuzaji wa kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya shida, huitwa butura. Katika lumbesa na butura hakuna anayetaja riba, lakini kila mtu anajua kwamba kuna ziada iliyochukuliwa. Maneno haya yanataja tendo lenyewe, ambapo hati zetu hutaja jina ambalo mkopeshaji amelipa tendo lake.

Huenda mtu akasema kwamba kazi ya mfasiri ni kufasiri yaliyoandikwa, si kumlinda mkopaji. Nakubali nusu. Mfasiri hana ruhusa ya kuongeza lisilokuwapo. Lakini hana ruhusa pia ya kuficha utata. Akiukuta, amrudishie mwandishi swali. Zaidi ya hayo, ipo mikopo isiyo na riba kweli. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na mikopo yake haitozwi riba. Utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023, ukarejeshwa mwaka 2024. Ikiwa kila tangazo litajiita "bila riba", ofisa wa halmashauri atatumia neno gani ili aaminiwe?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, msamaha wa riba litumike pale tu ambapo riba ya muda uliotajwa haitadaiwa kamwe. Pili, riba inayongoja kudaiwa iitwe riba iliyoahirishwa. Na mwalimu anayewaeleza watu kijijini anaweza kusema riba iliyolala, maana kilicholala huamka. Tatu, kila hati itaje jumla ya gharama ya mkopo kwa shilingi, ikikusanya riba, ada na bima pamoja, na kando yake fedha za mkononi, yaani kiasi anachokipokea mkopaji hasa. Nne, kitenzi chochote cha kutoza kifuatwe na tarehe ya kuanzia na kiasi kinachotozwa.

Mama yule alirudi na karatasi ya kwanza kwa mkopeshaji, akauliza swali moja tu: riba inahesabiwa tangu lini? Aliyekuwa mezani aliisoma ile sentensi mara mbili, kisha akasema atauliza wakubwa. Mama hakungoja; alichukua mkopo wenye riba. Hati ambayo mwenyewe aliyeitoa hawezi kuifasiri haijaandikwa bado kwa Kiswahili, hata kama maneno yake yote ni ya Kiswahili. Nawaomba wasomaji wa jarida hili wayapime mapendekezo haya na kuleta mengine yaliyo bora.